Jina Litatokea

Mnunuzi wa dhahabu mjini Kahama hakosi chombo cha maji juu ya kaunta yake. Mgeni anaweza kudhani ni ya kunywa. Mnunuzi hupima kipande kwenye mizani kikiwa kikavu, anaandika namba, kisha anakining'iniza kwa uzi ndani ya maji na kukipima tena. Dhahabu safi ya gramu 19.3 ikizamishwa hupungua gramu moja. Shaba yenye uzito huohuo hupungua zaidi ya gramu mbili. Muuzaji anaweza kuapa, kulia, hata kumtaja mchungaji wake. Maji hayana habari naye.

Nina rafiki broka aliyeishi na maji hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Nitamwita Ngosha, jina ambalo katika kanda hii halimfichui mtu kwa kuwa kila mwanaume ni Ngosha. Alianzia kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya Mwime, akafuata dhahabu Nyarugusu upande wa Geita, akarudi mjini kununua vipande vidogovidogo kwa wachenjuaji. Tangu serikali ilipofungua masoko ya madini mwaka 2019, vipande hivyo anavipeleka sokoni. Akishika kipande kilichotoka kuchomwa, anajua kama zebaki imeisha au bado imo.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, simu yake ililia. Ujumbe ulisema: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine inasumbua. Jina litatokea..." na hapo likafuata jina la mwanaume, la kawaida kabisa. Ngosha akabonyeza, jina likatokea kama lilivyoahidiwa, akaweka namba ya siri. Laki nane zikaondoka. Nusu saa baadaye akapigiwa na mwenye karasha wa Kakola, aliyekuwa akimdai hela ya kusaga mawe. "Vipi kaka, mbona kimya?"

Nilimuuliza swali ambalo kila aliyepigwa huulizwa, na ambalo ni la kijinga: uliaminije?

"Sikuamini," akanijibu. "Nilikuwa nadaiwa."

Jibu hilo lina elimu kuliko mabango mengi ya tahadhari niliyowahi kuyasoma. Tapeli hakumjua Ngosha, wala hakujua lolote kuhusu karasha ya Kakola. Aliwatumia watu kibao maneno yaleyale kwa kufuatanisha namba tu, kisha akaketi kusubiri. Kazi iliyobaki ilifanywa na mji wenyewe. Kwenye uchimbaji mdogo kila mtu anamdai mwenzake: mwenye leseni anadai mgao kwa mwenye duara, mwenye duara anadaiwa chakula cha wachimbaji, aliyetoa hela ya pampu na matimba anasubiri mawe yapande juu, mwenye karasha na mwenye mwalo wa kuoshea nao wana daftari zao, na nyuma ya wote yuko anayenunua marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, akayaloweke upya. Hela huzunguka mikono sita kabla dhahabu haijaonekana. Ongeza wafanyabiashara wa mchele wa Kagongwa wanaolipia mzigo kabla haujapakiwa, na madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanaopita Isaka wakitumiwa hela ya njiani. Saa yoyote ya mchana hakosekani mtu anayesubiri ujumbe wa "ile hela". Ndoano yenyewe ni hilo neno "ile". Tapeli hasemi hela gani, unamjazia mwenyewe.

Lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni jina.

Kampuni za simu ziliweka jina la mpokeaji litokee kabla hujathibitisha muamala ili ujilinde: ukiona jina geni, unaghairi. Kinga nzuri. Matapeli hawakuhangaika kuivunja, waliitanguliza tu. Ukishaambiwa mapema jina gani litatokea, likitokea unashusha pumzi kana kwamba umehakikisha, kumbe umehakikisha jambo moja, kwamba tapeli anaijua laini anayoitumia. Ni kama muuzaji aje na dhahabu yake, pamoja na maji yake ya kupimia.

Na jina lile si la tapeli. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 1, 2019, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wengi tuliamini kwamba huo ndio mwisho wa "tuma kwenye namba hii". Lakini kijana wa mwamvuli anayesajili laini, aliyekaa kando ya barabara na kifaa chake, anakuambia, "Kidole hakijasoma mzee, rudia. Futa jasho, rudia tena." Kidole kilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili kimesajili laini nyingine, ambayo utaondoka bila kuiona, na kesho itauzwa ikiwa na jina lako. Sisemi vijana wote wa miamvuli ni wezi. Wengi wanatafuta riziki ya halali juani. Ila wachimbaji ni windo jepesi kupita kiasi. Vidole vyao vimekwaruzwa na mawe, kweli havisomi vizuri, kwa hiyo kuambiwa "rudia" hakumshtui mtu.

Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro juu ya orodha ya majaribio ya ulaghai wa simu, na watu wa Kahama hujifariji kwa hilo: wezi wako huko. Laini haina makazi. Jina linaweza kuwa la mtu wa Geita, simu ikawa mkononi mwa mtu wa Rukwa, na hela ikatolewa kwa wakala wa mkoa wa tatu kabla hujajua umeibiwa. Kenya nao wana Mulot, mji mdogo kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Narok, ambao umechafuliwa jina na wezi wa kubadilisha laini: unaamka simu haina mtandao, unadhani mnara una hitilafu, kumbe laini yako imeshahamia kwenye kadi nyingine na akaunti zako zimeifuata. Kati ya Septemba na Oktoba 2024, operesheni ya Interpol na Afripol iliyopewa jina Serengeti, Tanzania ikiwa kati ya nchi 19 zilizoshiriki, ilikamata watuhumiwa 1,006. Wizi huu ni wa bara zima.

Ngosha hakuripoti. Angeweza kupiga 100, huduma kwa wateja, dakika ileile aliyopigiwa na mwenye karasha, kwani wakati mwingine hela inakuwa bado haijatolewa yote. Angeweza kuituma namba ile kwenda 15040, iliyotengwa kupokea namba za matapeli. Angeweza kwenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Hakufanya hata moja.

"Broka aliyepigwa kwa meseji," aliniambia, "nani atamwachia dhahabu yake?"

Nilimkumbusha kwamba Mei 2025 akaunti ya Jeshi letu la Polisi kwenye mtandao wa X iliingiliwa, ikatumika kutangaza uongo mbele ya nchi nzima. Kama polisi waliingiliwa, broka ni nani? Akacheka, ila hakubadili msimamo. Aibu ya mji wa biashara ni mtaji wa tapeli, na riba yake analipa mtu mwingine: namba ileile, kwa kutoripotiwa, jioni hiyohiyo iliendelea kutuma ujumbe kwa wengine.

Tena huu wa "ile hela" ndio utapeli wa kizamani, ambao hata watoto wanauigiza shuleni. Unaokuja sasa hauombi hela kwanza. Unaomba tarakimu.

Chukua kikundi cha akinamama wa vikoba chenye kundi lao la WhatsApp. Mmoja anapata ujumbe kutoka kwa mwenzake: "Shoga, nimekosea nimetuma kodi yangu kwako, nisomee hizo tarakimu sita." Anasoma. Dakika hiyo WhatsApp yake si yake tena. Iko kwenye simu ya mtu mwingine, na mtu huyo anaandika kundini kwa picha yake na jina lake kwamba mtoto amelazwa, naomba laki mbili mpaka kesho. Mwenzake aliyemwomba tarakimu naye alikuwa ameshaporwa asubuhi kwa njia hiyohiyo. Kinga yake ni ya bure: ndani ya WhatsApp, upande wa mipangilio ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili, unaweka namba yako ya siri ya pili ambayo mwizi hana. Sijui kwa nini vikundi vinavyoweka faini ya kuchelewa mkutanoni haviweki faini ya kutokuwa na hicho kitu.

Wapo pia wanaopiga wakijiita huduma kwa wateja, wakikuelekeza ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli, eti kuboresha mtandao. Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako zote ziende kwenye namba hiyo. Baada ya hapo programu yoyote ikikupigia kukusomea tarakimu za uthibitisho, anayepokea ni yeye. Ukiwa na shaka, *#21# hukuonyesha kama simu zako zinahamishwa, na ##21# huzirudisha nyumbani.

Halafu kuna mikopo. Masika yakijaza duara maji, kazi inasimama lakini njaa haisimami, na simu inakutangazia elfu hamsini ndani ya dakika tano bila dhamana. Dhamana ipo, hujaisoma tu: programu imeomba ruhusa ya kuona namba zote ulizohifadhi, nawe umebonyeza "kubali". Ukichelewa siku mbili, shemeji, mchungaji na mwalimu wa mwanao wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zinazofanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake zinampa mkopaji aliyeanikwa hivyo mahali pa kulalamika, na ningependa kuona bango la Tume hiyo Kakola kabla ya bango jingine la mikopo.

Michezo ya upatu nitaipita haraka kwa kuwa haina jipya. Mwaka 2009 DECI iliwaambia watu wapande mbegu wavune. Mwanzoni mwa 2025 LBL iliwaambia wabofye simu walipwe, mpaka Benki Kuu ikatamka kwamba LBL haina leseni. Kimebadilika kifaa tu.

Ngosha alinifundisha jambo kuhusu simu bila yeye kujua, siku aliponieleza hofu ya mabroka. Shaba haiwatishi, maji yanaimaliza. Kinachowatisha ni tungsteni. Kwa ujazo uleule, uzito wake unakaribia kabisa wa dhahabu: 19.25 kwa 19.3. Kipande cha tungsteni kilichovalishwa dhahabu hupita kwenye maji bila kugutuka, na mnunuzi anahesabu noti.

Sauti ya binadamu ndiyo imefika hapo. Siku zote tuliambiwa: usiamini ujumbe, piga umsikie. Sasa kompyuta ikipewa rekodi fupi inaweza kuigiza sauti ya mtu, pamoja na kukohoa kwake. Mapema 2024 ulimwengu ulisikia kisa cha mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong. Alitilia shaka ujumbe wa kumtaka atume hela, akaingizwa kwenye mkutano wa video, akawaona na kuwasikia wakubwa zake, shaka ikaisha, akatuma karibu dola milioni 25. Wale wote kwenye kioo walikuwa wa kutengenezwa. Yule alipima kwa maji, na maji yakamdanganya. Nasi huku tunatumiana sauti za WhatsApp kutwa nzima, hasa wasiopenda kuandika, kwenye makundi yenye watu mia mbili ambao nusu yao hatujawahi kuwaona. Rekodi za kuigizia tumeshazitoa wenyewe.

Nilimuuliza Ngosha tungsteni inakamatwaje. Akanionyesha kijiko cha udongo cha kuyeyushia, kimeungua pembeni. Moto. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Tungsteni haitikisiki mpaka zipite 3,400. Kipande kikikataa kuyeyuka, mazungumzo yameisha. Kwa simu, moto ninaoujua ni kukata, kisha kupiga mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokupigia. Aliye wa kweli ataipokea, au atapatikana kwa jirani yake. Wa bandia atakusihi usikate. Huko kusihi usikate ndiko kukataa kuyeyuka.

Mama yake Ngosha ana moto wake. Anaishi kijijini, anatumia kitochi ambacho mjukuu humwekea vocha. Asubuhi moja alipigiwa na mtu aliyejiita mwalimu: mjukuu wako ameanguka bwenini, tuma elfu themanini za gari, haraka.

"Mwangaluka," akajibu mama.

"Mama, hali ya mtoto ni mbaya."

"Mwangaluka, baba."

Simu ikakatwa. Kwa mama huyu mtu hafiki na shida kabla ya salamu, na salamu ya Kisukuma ikiendelea hufika mpaka kuulizana wewe ni wa ukoo upi. Ni ukaguzi kamili wa kitambulisho, ila hufanywa kwa upole. Najua mtaniambia walimu wengi wa huku wametoka Mbeya na Kilimanjaro, hawajui Kisukuma, na ipo siku atamkatisha tamaa mwalimu wa kweli. Ni kweli. Mwalimu wa kweli atapiga tena, au atamtuma mtoto wa jirani.

Mtaani nako, hatari ya ndani ya simu na ya nje ya simu zimeshaoana. Siku ya kuchoma dhahabu mwaloni, kila mtu anajua nani amepata. Zamani habari hiyo ilitembea kwa miguu. Sasa kijana anapiga picha na bunda la noti kifuani, anaiweka kwenye stetasi saa mbili usiku, na nyuma yake linaonekana jina la gesti. Kwenye vibanda vya mawakala jioni, watu wanabanana, mmoja anaomba kuuliza salio, macho yake yako kwenye vidole vyako. Akishaiona namba ya siri, kazi inayobaki ni ya pikipiki: simu inaporwa hatua hamsini mbele, na mpaka ufike kwa wakala mwingine kuomba simu ya kupigia, imeshamwagwa. Mimi naweka namba ya siri nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mawakala wamenizoea. Nao wana yao: hupigiwa na "makao makuu" kuboreshewa floti, huletewa na mteja ujumbe wa muamala uliotoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, na wakifunga usiku wakiwa na mauzo ya siku mfukoni, njia ya kwenda nyumbani Nyihogo au Mhongolo huwa ndefu. Wenye akili hawafungi saa ileile kila siku.

Na anayenunua kitu mtandaoni, iwe pikipiki au simu iliyotumika, akiitwa akakutane na muuzaji "huku nyuma ya shule", aseme watakutania mlangoni mwa benki mchana. Pia wapo wanaotangaza dhahabu ya Kahama na Geita kwenye Facebook kwa bei ya chini kuliko soko. Soko lipo, bei yake inajulikana, mrabaha unakatwa pale pale. Ngosha husema mwenye dhahabu halisi hana sababu ya kumtafuta mtu wa Dubai kwa meseji.

Majuzi nilimkuta dukani kwake, hakuna mteja, chombo cha maji kimefunikwa kwa kitambaa. Nilimwomba tufanye jambo moja dogo nililokuwa nimelifanya mwenyewe nyumbani. Abonyeze *106#, afuate menyu, aweke namba yake ya NIDA, aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake.

"Ninazo mbili," alisema akibonyeza. "Hii ya biashara na ile ya nyumbani."

Zikatokea tatu.

Alisoma namba ya tatu kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha akairudia kama anayetegemea itabadilika. Haikuwa ya mke wake, wala ya kijana wa dukani. Akaweka simu juu ya kaunta, akageuza mkono wake wa kulia, akakitazama kidole gumba, chenye kovu la jiwe la Mwime lililopita katikati ya alama zake.

"Kwa hiyo kuna mtu," alisema polepole, "Ijumaa fulani, ameambiwa jina litatokea... langu."